Kigoda Kisichokombolewa

Video yenyewe ni ya sekunde thelathini na nane. Nina hakika na hesabu hiyo kwa sababu mimi ni mmoja wa walioisambaza, na mtu akishiriki dhambi afadhali ajue urefu wake.

Haina sauti. Inaonyesha baraza la nyuma la nyumba moja ya Ilazo, hapa Dodoma, vigae vyeupe na mlango wa jikoni. Mwanamke wa makamo anatokea kwenye kona amevaa koti la kiume na kofia ya pama. Anatembea kwa kunyata, mgongo ameupinda. Anafika mlangoni, anasimama, anatoa shingo kama kobe, anachungulia kushoto, anachungulia kulia. Anaingia. Anatoka na kigoda cha miguu mitatu kwapani, anachungulia tena, anaondoka kwa mwendo uleule. Basi, imeisha.

Ilinifikia saa nane mchana nikiwa kwenye cherehani yangu, Majengo. Siku zile mji ulikuwa na hofu. Ndani ya miezi miwili nyumba nne zilikuwa zimevunjwa, na katika mojawapo watu walifungwa kamba na baba mwenye nyumba akakatwa mkono. Ukurasa mmoja wa udaku wenye wafuasi kama mchanga ulikuwa umeibandika video ile na maneno makubwa: "MAMA MWIZI AJIGEUZA BABU, DODOMA HATULALI." Sikufikiri hata kidogo. Niliandika chini yake, "Mwanamke mzima! Huyu ni wa kuchapwa viboko sokoni," nikairusha kwenye makundi matatu: la mafundi, la ndugu zangu wa Kondoa na la wapangaji wenzangu. Kisha nikaiangalia tena kwa raha zangu. Mara ya tatu ndipo nilipoiona sketi.

Sketi ile niliishona mimi. Kitenge cha kahawia, mfuko mkubwa umewekwa nje, ubavuni, kwa sababu mteja alitaka mkono uingie haraka bila kushusha beseni kichwani. Hakuna mwanamke mwingine mji huu mwenye sketi ya namna hiyo, na huyo mwenyewe alikuwa analala chumba cha tatu kutoka changu, kwenye nyumba tuliyopanga Chang'ombe. Anaitwa Restuta. Sisi tunamwita Mama Denis.

Acha niwaambie ni nani, maana mtandao ulimjua kwa sekunde thelathini na nane tu, na mimi nimeishi naye miaka kumi na moja.

Alizaliwa Gulwe, kando ya reli. Baba yake alikuwa kibarua wa kukarabati njia ya treni, na yeye tangu utotoni alikuwa anawauzia abiria karanga za kuchemsha kupitia madirishani, akikimbia sambamba na behewa mpaka apewe chake. Aliolewa Bahi, akalima mpunga na mume wake, mume akafariki, ukaja mwaka wa ukame, naye akajitwika mwanawe Denis akaja mjini. Hapa aliuza mlenda. Si ule wa mboga mbichi, ni ule mkavu, uliochumwa masika, ukaanikwa juani na kutwangwa mpaka uwe unga. Wagogo wakikosa mlenda huo wanasema hawajala, hata wawe na nyama mezani. Alikuwa anaupima kwa kopo, anatembeza nyumba kwa nyumba, na nyumba zake nyingi zilikuwa huko kwa wafanyakazi wa serikali: Ilazo, Nzuguni, kwenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Geti halimfungukii kila mtu. Yeye lilimfungukia. Alikuwa anabisha mara mbili na kuita, "Mlenda umekuja, aliyefiwa na hamu aje!" na wasichana wa kazi wanakuja mbio wakicheka. Kupitia mageti hayo alimsomesha Denis mpaka akawa dereva wa roli.

Jioni ile nilifunga cherehani mapema nikaenda nyumbani. Nilimkuta uani, ametandika mkeka, amefagia, amechemsha maji kwenye sufuria kubwa. Kigoda cha kwenye video kilikuwa pembeni yake, kimefunikwa kanga safi.

"Mama Denis, shikamoo. Unangoja wageni?"

"Marahaba, Miriam. Nawangoja watani zangu waje kunililia," akasema. "Wamechelewa. Sijui kwa nini wamechelewa."

Hapo nikaketi, akanieleza. Mzee Daudi Matonya amefariki, yule mzee mwenye macho mabovu aliyekuwa akiishi kwa mwanawe, Fabian, huko Ilazo. Ukoo wa kina Matonya na ukoo wa baba yake Restuta ni watani tangu enzi za mababu. Kila wiki alipopeleka mlenda pale, mzee alikuwa anamngoja getini. "Bado hujafa tu?" yeye anamuuliza, na mzee anajibu, "Nitakufaje na wewe hujalipia jeneza langu?" Sasa mzee kweli ameondoka, na asubuhi ile maiti ilikuwa inasafirishwa kwenda kuzikwa Bahi. Mtani akipata habari ya namna hiyo hana hiari. Anakwenda kuvunja huzuni. Anavaa kama marehemu, anatembea kama marehemu, anaingia ndani bila hodi na kuchukua kitu chake cha karibu, anakimbia nacho. Wafiwa wanatakiwa wamfukuze wakicheka na machozi yakiwatoka, wamwombe, wamkomboe kwa kuku au pakiti ya chumvi au chochote atakachotaja. Akishakombolewa, ndipo marehemu anahesabiwa kuwa ameagwa.

Mimi ni Mrangi. Sisi pia tuna watani, na msiba ukikosa watani kwetu watu wanauliza kulikoni. Nilielewa kila neno.

"Nilivaa koti la Denis," akasema. "Nikafika magari yameshaanza kutoka. Vikongwe watatu walikuwa wameketi kwenye mkokoteni uliobeba viti vya msiba pale nje, waliponiona walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nikaingia, nikatoka na kigoda. Nikakimbia mpaka kona. Nikageuka. Hakuna aliyenifuata, Miriam."

Nilitoa simu nikamwonyesha. Yeye ana kisimu cha tochi, alikuwa hajui lolote. Na hapa ndipo nilipoumia kuliko mahali pengine pote katika habari hii: alifurahi. Alishika simu kwa mikono miwili akapiga kelele, "Mwone! Ni yeye kabisa! Tazama shingo!" Alikuwa amemwigiza mzee yule asiyeona vizuri, aliyekuwa akichungulia kila mlango kabla ya kupita, na alikuwa amempata barabara. Alitaka niirudie. Ilinibidi nimsomee maneno yaliyoandikwa juu, kisha maoni ya watu. Nilisoma machache. Langu sikulisoma.

Alinirudishia simu, akaenda kuitoa sufuria motoni.

Kesho yake alitaka kwenda sokoni kama kawaida. Nilimsihi asiende. "Mimi sikuiba," akasema, "nijifiche kwa lipi?" Nikaenda naye. Tulipofika Majengo tulikuwa hatujapita hata mabanda ya vitunguu mtu mmoja aliponyoosha kidole kwenye sketi yake. "Si ndiye huyu? Mama wa video!" Neno mwizi lina mbio sana sokoni. Kabla sijavuta pumzi tulikuwa tumezungukwa, mtu amelivuta beseni, mlenda umemwagika chini, na nyuma yangu nikasikia sauti ikitaja mafuta ya taa. Aliyetuokoa ni Halfani, muuza nyama. Alimshika Restuta mkono, akamsukuma ndani ya bucha, akashusha lile lango la chuma mpaka chini, akasimama mbele na kisu chake akisema atakayegusa lango lake atafute kwanza mtu wa kumnunulia figo mpya. Tulikaa humo saa mbili, katikati ya mapaja ya ng'ombe, joto la kukaanga. Restuta hakulia. Alikuwa anatazama mwanga wa chini ya lango, ambapo miguu ya watu ilikuwa inapita, inasimama, inapita.

Tangu siku ile hakutoka.

Mnaposikia mtu amejifungia ndani mnaweza kudhani amekaa tu. Si hivyo. Chumba chake ni hatua tano kwa nne, na alizitembea. Alikuwa anafua nguo safi. Aliutwanga tena mlenda uliobaki mpaka ukawa vumbi la kuingia puani. Choo cha uani alikuwa anakwenda alfajiri tu, amejitanda kanga usoni, kwa sababu mpangaji mpya wa chumba cha mbele alishamletea shemeji zake waje wamwone "yule wa mtandaoni". Nilikuwa nampelekea uji asubuhi na ugali jioni. Kila nikifungua mlango alikuwa anashtuka kwanza, halafu anasema samahani.

Denis alipiga simu siku ya tatu, akiwa njiani na roli. Kisimu kile sauti yake ni kubwa, nilisikia yote.

"Mama, shikamoo. Mama, kuna kitu wenzangu wananionyesha hapa. Kweli ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Yule kijana, niliyemwona akisomeshwa kwa makopo ya mlenda, akauliza, "Sasa ulikuwa na shida gani, mama, si ungeniambia?"

Alimweleza habari ya utani. Denis alisema nimeelewa, mama, nimeelewa, kwa ile sauti ya mtu anayetaka simu ikatike. Denis amekulia mjini. Utani kwake ni Yanga na Simba.

Polisi nao waliita. Tulikwenda na mwenyekiti wa mtaa, kwa gari la kukodi lenye vioo vya giza. Askari aliyetupokea alikuwa mtu mstaarabu, mwenye umri. Alimsikiliza Restuta mpaka mwisho, akatabasamu, akasema hata kwao watani waliwahi kulala ndani ya kaburi la babu yake wakidai pombe. Alimpigia simu Fabian mbele yetu. Fabian akasema ni mambo ya kifamilia, hataki kesi.

"Basi mama, nenda nyumbani. Hakuna kesi."

"Nashukuru, baba. Sasa watangazie watu."

"Mama, kama hakuna kesi, nitatangaza nini?"

Kwa hiyo serikali ilimwachia, na bado hakuweza kwenda kununua nyanya.

Mimi nina ulimi mrefu, haujawahi kutofautiana na mkasi wangu, na wiki ya pili ulinitoka. "Mama Denis, rudisha hicho kigoda yaishe! Unakaa nacho cha nini? Nipe mimi nikipeleke, nikiweke getini kwao nirudi."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Mtani akirudisha kwa mkono wake," akasema, "ndiyo amekiri kwamba aliiba. Kina Matonya waje wenyewe. Wakija, mimi ni mtani. Wasipokuja, mimi ni mwizi mpaka nife."

Sasa oneni mtego ulivyokaa. Waliokuwa wanajua yeye ni nani kwa marehemu walikuwa wale vikongwe watatu, ambao walishapanda gari kurudi vijijini kwao na hawana simu za video, na marehemu mwenyewe. Fabian alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, akaenda chuo, akaingia ofisini, akamwoa Generosa wa Bukoba. Watani wa baba yake hawajui hata kwa majina. Siku ile Generosa alikuwa ndani ya basi la msiba, kamera ya nyumbani ikamtumia taarifa kwenye simu, akamwona mtu aliyejificha uso akiingia kwake. Akairusha kwenye kundi la ulinzi la mtaa. Kabla mzee hajaingizwa kaburini, nchi nzima ilikuwa imeiona. Fabian alipokuja kuelezwa, mke wake alikuwa ameshahojiwa na televisheni ya mtandaoni, ameshalia, ameshaambiwa pole na watu milioni moja na nusu. Angeanzia wapi?

Usiku wa wiki hiyo sikupata usingizi vizuri, na asubuhi nikampelekea uji pamoja na ukweli. "Mama Denis, na mimi niliituma. Kabla sijakutambua. Niliandika uchapwe sokoni." Alichukua kikombe, akakiweka chini. Siku mbili hakuongea nami. Siku ya tatu nilipofungua mlango alisema, "Lete uji wako, mchapa viboko," nikalia pale mlangoni, mtu mzima na tepu yangu shingoni.

Fabian alikuja mwishoni mwa mwezi. Aliegesha mbali, akaingia uani amevaa miwani ya jua, na kusema kweli alikuwa na adabu. Alimpa Restuta shikamoo, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alileta bahasha. Alieleza kuwa anatambua kulitokea kutoelewana, kwamba anaomba radhi kwa niaba ya familia, na kwamba anaomba kile kigoda kwa sababu matanga yanakaribia kuanuliwa Bahi, na kwenye ukoo wao mrithi hukalishwa juu ya kigoda cha marehemu mbele ya wazee. Bila kigoda hawezi kukalishwa.

"Pesa yako iweke," Restuta akasema. "Mtani hanunuliwi, anakombolewa. Na fidia naitaja mimi."

"Sawa, mama. Taja. Mbuzi? Hata ng'ombe."

"Mkeo."

Fabian alivua miwani.

"Mkeo abebe beseni langu la mlenda kichwani," Restuta akaendelea, pole pole kabisa, "atembee na mimi mtaa wenu, geti kwa geti, abishe yeye. Kila geti likifunguliwa aseme mimi ni nani. Akimaliza, kigoda chenu hiki hapa."

"Mama, hilo haliwezekani. Mke wangu ni mtu wa ofisi. Watu watampiga picha, watamgeuza kichekesho. Unajua watu walivyo."

"Najua walivyo," Restuta akasema.

Aliondoka na bahasha yake. Nilidhani basi, imekwisha, mama huyu ameipoteza nafasi ya pekee kwa ukaidi, na nilimwambia hivyo hivyo. Usiku ule nilisikia akizitembea zile hatua tano kwa nne, kwenda na kurudi.

Zikapita wiki mbili nyingine. Alikuwa amekonda mpaka sketi ile nilimpunguzia kiuno mara mbili. Siku moja, mchana, nikasikia uani sauti kavu ya kizee ikifoka: "Yuko wapi mwizi wa kina sisi? Yuko wapi mbwa huyu asiyekufa, anatuchelewesha na matanga?"

Nilikimbia kutoka na mkasi mkononi. Nikamkuta bibi mmoja mfupi, ameshika fimbo, vumbi la safari ya kutoka Bahi mpaka magotini. Kabla sijamfukuza, mlango wa Restuta ulifunguka peke yake, mchana kweupe, naye akatoka nje bila kanga usoni.

"Nani huyo anayenuka matope ya mpunga?" akasema. "Kaka yako amekufa kwa aibu ya kuwa na dada kama wewe!"

"Na wewe hata kuiba hujui! Umeenda kuchukua kigoda, godoro umeliacha!"

Walirushiana matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha wakakumbatiana katikati ya uwanja, wakamlilia Mzee Daudi kwa sauti, kilio kile ambacho kilipaswa kuliliwa mwezi mmoja na nusu nyuma. Huyo alikuwa Bibi Yasinta, dada wa marehemu. Alikuwa kwenye gari la jeneza siku ile, hakuona kitu, na hakuna aliyemwambia mpaka alipokutana na mmoja wa wale vikongwe watatu. Kabla ya hapo alijua tu kwamba kigoda hakipo na kwamba mpwa wake anajiumauma. Alipoisikia fidia, alicheka akafuta macho. "Hiyo ni haki yako. Ungetaja hata Fabian mwenyewe tungekuletea amefungwa kamba." Akainuka akaenda Ilazo. Alilosema huko silijui, ila nasikia aliketi chini sebuleni akagoma kula.

Jumamosi asubuhi Generosa alikuja, peke yake, kwa miguu kutoka kituoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilimtarajia mwanamke wa kucha ndefu. Akaja mtu mwembamba, macho yamevimba, amevaa gauni la kitenge na raba, akapiga goti kumwamkia Restuta. Nilimwonyesha namna ya kukaza ngata kichwani. Beseni lilimtetemekea, akalishika kwa mikono miwili.

Njiani, tulipokuwa tumeukaribia mtaa wao, alisema bila kutugeukia, "Mama, ile wiki walikuwa wamemkata mkono jirani yetu wa nyumba ya pili. Nilisikia akipiga kelele. Mpaka leo nalala nimesukumia kabati mlangoni. Nilipoona mtu kwenye simu sikuona mama wa mlenda. Niliona wao."

Restuta hakusema pole. Alisema, "Na mimi nasukumia kitanda."

Geti la kwanza alibisha Generosa. Alifungua mama mwenye nyumba mwenyewe, akamtazama jirani yake na beseni kichwani, akacheka akidhani ni mchezo wa sherehe. Generosa akaanza, "Huyu ni... tunauza... huyu mama anauza mlenda." Sauti ikaishia hapo. Restuta alisimama tu, ametazama mbele. Yule mama akamwona, uso ukabadilika, geti likafungwa. Geti la pili msichana wa kazi alichungulia kwenye kidirisha akakifunga bila neno. Nilisikia makomeo mawili.

Geti la tatu ni jeusi, refu, na juu yake kuna kamera. Generosa alibisha kwa nguvu zaidi. Alitoka mwanamke kijana, simu mkononi, na nyuma yake wengine wawili waliokuwa wanasukana nywele kwenye baraza la mbele. Safari hii Generosa alisema yote, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu: huyu mama hakuiba, ni mtani wa baba mkwe wangu, alikuja kuzika kwa mila yao, mimi sikujua, mimi ndiye niliyemwita mwizi, mimi ndiye niliyeituma ile video, naomba mumfungulie kama zamani. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa sababu ya beseni.

"Subiri, subiri, rudia hapo," yule mwanamke kijana akasema, na akainua simu. "Dada, si wewe ulilia kwenye TV? Geukia huku kidogo. Rudia, 'mimi ndiye.'"

Generosa aligeuza uso ukutani. "Tafadhali usinipige. Nakuomba. Usinipige video." Beseni likainama, mlenda ukaanza kumwagika begani kwake, na wale wawili wa kusukana nao wakanyanyua simu zao wakicheka. Nilimwona akijikunja. Nilimwona akitafuta pa kupita na hapakuwa na pa kupita, ukuta nyuma, sisi pembeni, simu tatu mbele.

Nakiri nilifurahi. Kwa pumzi moja hivi nilisema moyoni, sasa na wewe ionje.

Restuta hakungoja pumzi hiyo iishe. Alipiga hatua, akasimama mbele ya Generosa, upana wake wote na ile sketi niliyoipunguza, akamfunika. Alinyoosha mikono nyuma bila kutazama, akalishusha beseni kutoka kichwani kwake, akajitwika mwenyewe, akalisawazisha.

"Imetosha," akamwambia. "Umenikomboa. Nenda kachukue kigoda cha mkweo."

Simu zote tatu sasa zilikuwa usoni kwake, karibu kabisa. Yule mwenye geti alishusha ya kwake kidogo, akamkazia macho, akatazama na sketi.

"Kumbe ni wewe? Wewe ndiye yule mama wa video?"

"Ndiyo mimi," Restuta akasema. "Nikupimie kopo ngapi?"